Duka la dawa lina mlinzi, mdomo wa paka hauna

Nilikuwa nasogeza kochi ili nifagie nyuma yake nilipoviona. Vidonge vitano, vimelainika nusu, vimeshikamana na zulia na manyoya, kimoja bado kina alama ya jino pembeni. Paka wangu alikuwa ameandikiwa antibiotiki ya siku kumi kwa jeraha lililotunga usaha, na wakati huo alikuwa amekaa dirishani akinitazama kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Siku mbili kabla ya hapo daktari alinipigia simu kuuliza kama dozi inakwenda vizuri. Nikamwambia anameza asubuhi na jioni, tena bila ubishi. Sikuwa nadanganya, niliamini nilichokisema. Na kwa kuwa jeraha lilikuwa halifungi, daktari akalichukua jibu langu, akahitimisha kwamba dawa imeshindwa, akaandika nyingine kali zaidi.

Ukiifuata safari ya dawa ile tangu mwanzo, huoni kosa kwenye karatasi. Mnyama alipimwa uzito, cheti kiliandikwa kwa mwandiko unaosomeka, dawa ikatolewa kwa idadi sahihi. Kila hatua inayosimamiwa na sheria ilifuatwa. Palipoharibika ni pale pa mwisho, pasipo na msimamizi: ile nafasi ndogo kati ya vidole vyangu na koo la paka. Ndiyo maana naona mjadala wa dawa za wanyama wa nyumbani umeegemea upande mmoja. Tunabishana kuhusu kuzipata, yaani nani aandike, nani auze, kwa faida ya nani, na huku matibabu yanafia kwenye kuzitoa. Tena mara nyingine ugumu tuliouweka kwenye kuzipata ndio unaoharibu kuzitoa.

Nianze na cheti chenyewe, kwa sababu wapo wanaokiona ni urasimu tu. Hoja yao huenda hivi: kidonge ni kilekile, kiwanda pengine ni kilekile, na mbwa wangu ana kilo ishirini, kwa hiyo nampa theluthi ya dozi yangu. Hesabu hii inaonekana ya busara mpaka uijaribu kwa paka na paracetamol. Ini la binadamu huifunga paracetamol kwenye aina ya sukari, ikatoka kwa mkojo. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa kimeng'enya cha kazi hiyo, kwa hiyo dawa inageuka sumu inayoharibu seli nyekundu za damu hadi zishindwe kubeba oksijeni. Fizi zinakuwa na rangi ya kahawia au buluu iliyofifia, uso na miguu vinavimba, mnyama anahema juujuu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Mtu anayempa hutoa kwa huruma, kwa sababu kamwona paka anachechemea na hataki alale na maumivu.

Ipo na mifano ya upande wa pili, ambako kiasi kinachoonekana cha hatari ndicho sahihi. Mbwa ambaye tezi ya shingo imelegea hupewa levothyroxine, dawa ileile wanayopewa watu. Lakini mbwa huifyonza vibaya tumboni na kuitoa mwilini haraka, kwa hiyo mbwa wa kilo 30 anaweza kuandikiwa kwa siku kiasi cha mara kumi hivi ya anachopewa mtu mzima. Sasa mfikirie mfamasia mwangalifu, aliyesomea miili ya watu, akikipokea cheti hicho. Anaona sifuri imezidi. Akiamua kuipunguza dozi bila kumpigia simu aliyeandika, atakuwa amefanya kosa kwa sababu ya uangalifu wake. Hapa uaminifu hauna msaada, inatakiwa elimu ya mwili wa mbwa, na elimu hiyo wafamasia wengi hawakupewa darasani.

Hata ndani ya mbwa wenyewe mambo hayafanani. Ivermectin, dawa ya minyoo na vimelea vingine iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani na kumpatia Satoshi Ōmura na William Campbell sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015, imeokoa watu na mifugo wasiohesabika. Kwa mbwa wa jamii ya collie, wale wa kuchunga kondoo, ni hadithi nyingine. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walionyesha sababu: wengi wa mbwa hao wana hitilafu kwenye jeni iitwayo MDR1, ambayo kazi yake mojawapo ni kuisukuma dawa nje ya ubongo. Kwa hao, dozi kubwa huingia ubongoni na kubaki. Mbwa anayumba, anapofuka, anazimia.

Wenye mbwa wanaonunua ivermectin ya ng'ombe kwa kuwa haina masharti mengi, nawaomba wafanye hesabu moja nami. Dawa ya ng'ombe ya asilimia moja ina miligramu 10 kwa mililita. Kiasi cha kumkinga mbwa wa kilo 10 dhidi ya minyoo ya moyo ni mikrogramu 60 hivi kwa mwezi. Tone moja tu kutoka kwenye bomba la sindano, tuseme mililita 0.05, lina mikrogramu 500. Tone moja limeizidi dozi mara nane. Hakuna jicho wala mkono wa mtu unaoweza kugawa tone mara nane jikoni, na ndicho kinachofanywa kila siku na watu wanaojiita wazoefu.

Kwa hiyo cheti nakitetea. Lakini ukishakitetea ni lazima uulize kwa nini watu wanakikwepa, na jibu halipendezi sana kwa matabibu.

Kwa binadamu, sehemu nyingi za dunia zimetenganisha anayeandika dawa na anayeiuza. Sababu ni ya kawaida kabisa: anayepata faida kwa kila kidonge ana kishawishi cha kuandika vidonge vingi. Kwa wanyama, katika nchi nyingi utengano huo haukukita mizizi. Daktari anapima, anaandika, anageuka, anafungua kabati, anauza. Sisemi kwamba ni wezi. Kliniki nyingi za wanyama zimekuwa zikitoza ada ndogo ya ushauri na kujifidia kwenye dawa, kwa hiyo ukiondoa faida ya kabatini, gharama itahamia kwenye meza ya uchunguzi, na mwenye mbwa atalipa mlemle. Ila mpangilio huo unamweka daktari mwema mahali pabaya, na unampa mteja sababu ya kumtilia shaka hata pale ambapo dawa inahitajika kweli.

Uingereza ilijikuta ndani ya jambo hili mwaka 2023, pale mamlaka yake ya ushindani na masoko ilipoanza kuichunguza biashara ya tiba ya wanyama. Majibu zaidi ya 56,000 yalimiminika, na Mei 2024 ukafunguliwa uchunguzi rasmi. Katika mambo yaliyojitokeza, lililonigusa lilikuwa hili: karibu robo ya wenye wanyama hawakujua kwamba wanaweza kuchukua cheti na kununua dawa kwingine. Haki ilikuwepo muda wote. Aliyetakiwa kuwaambia ndiye aliyekuwa na dawa ya kuuza.

Ningependa cheti kitolewe mkononi mwa mwenye mnyama bila kuombwa, kama risiti. Kuomba ni kugumu kuliko inavyoonekana. Umesimama mbele ya mtu aliyemshika mbwa wako kwa upole dakika kumi zilizopita, halafu umwambie unataka kwenda kununua kwa mwingine. Watu wengi hunyamaza na kulipa. Wengine hunyamaza na kulipa mara hiyo moja, kisha hawarudi tena. Mbwa akiugua mara ya pili wanachomoa mabaki ya dawa ya mwaka jana kwenye droo, ya mbwa mwingine pengine, ambaye alishakufa. Kizuizi kilichowekwa ili kumlinda mnyama ndicho kimempeleka kwenye droo.

Na kama kuna kisa kinachoonyesha kizuizi kinavyoweza kugeuka shimo, ni kile cha ugonjwa wa paka uitwao FIP. Unatokana na virusi vya korona vya paka. Katika paka wengi virusi hivyo hukaa tumboni bila madhara makubwa, lakini kwa wachache vinabadilika, tumbo linajaa maji au macho na ubongo vinashambuliwa, na hadi miaka michache iliyopita huo ulikuwa mwisho. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kuwatibu paka 31 waliougua ugonjwa huo kwa kemikali iitwayo GS-441524. Wengi wao walipona. Kwa wafuga paka zilikuwa habari za kutoamini.

Dawa ikawepo na isiwepo. Kampuni iliyoitengeneza, Gilead, ilikuwa na dawa ndugu yake, remdesivir, kwa ajili ya watu, na ile ya paka haikusajiliwa. Daktari alikuwa akimwambia mwenye paka kwamba ugonjwa unatibika, na kwa pumzi hiyohiyo akamwambia hawezi kumwandikia. Ukategemea watu wafanye nini? Waliingia mitandaoni, wakaunda vikundi, wakaagiza vichupa visivyo na jina la mtengenezaji, wakajifunza kupiga sindano kwa kutazama video. Siku 84, sindano kila siku, dawa yenye asidi inayochoma hadi paka wanatoka vidonda mgongoni. Maabara zilipokuja kuvipima vichupa hivyo, kiasi kilichomo mara nyingi hakikulingana na kilichoandikwa. Hata hivyo paka wengi walipona, kwa mikono ya makarani, walimu na wastaafu.

Uingereza ilifungua njia halali mwaka 2021, Marekani Juni 2024 kupitia maduka yanayochanganya dawa kwa agizo la daktari. Kupro, ambako aina kali ya ugonjwa huo ilisambaa kisiwani mwaka 2023, iliruhusu vidonge vya molnupiravir vilivyobaki baada ya janga la COVID-19 vitumike kwa paka. Na mwaka 2024 utafiti ukaonyesha kwamba kwa paka wenye maji tumboni, siku 42 zinaweza kutosha mahali pa 84. Maana yake ni kwamba kuna watu waliopiga sindano arobaini na mbili ambazo huenda hazikuhitajika. Hilo hutokea kila mahali sayansi inapoendelea kujifunza, lakini hawa walikuwa wakijifunza sebuleni kwao, peke yao.

Kitu kimoja kuhusu vikundi vile kinanirudisha kwenye vidonge vyangu vitano. Pamoja na uharamu wote, walikuwa wakifundishana namna ya kumpa mnyama dawa. Walionyeshana pa kushika ngozi, namna ya kupasha dawa kiganjani, saa ya kupiga sindano, cha kumpa paka mara baada ya hapo. Kliniki halali iliyoniandikia antibiotiki ilinipa paketi yenye kibandiko kinachosema "kimoja mara mbili kwa siku". Basi.

Utoaji una hatari zake mahususi, na inashangaza jinsi zinavyoachwa zigunduliwe na mteja. Chukua insulini. Mbwa au paka mwenye kisukari mara nyingi huandikiwa insulini ya wanyama yenye yuniti 40 kwa mililita. Mabomba mengi yanayouzwa kwa ajili ya watu yamechorwa kwa insulini ya yuniti 100. Mtu ameishiwa mabomba Jumapili, anaenda duka la dawa, anapewa yanayofanana kabisa kwa macho. Anavuta mpaka mstari wa 4 kama kawaida, na mnyama anapata yuniti 1.6. Sukari inapanda, daktari anaongeza dozi, kisha mabomba sahihi yanarudi na dozi iliyoongezwa inaingia nzima. Mnyama anaanguka kwa upungufu wa sukari, na kila mtu kwenye mnyororo huo amefuata maelekezo aliyopewa.

Au doksisaiklini, antibiotiki, kwa paka. Kidonge kilichomezwa kikavu kinaweza kukwama kwenye umio, kikaunguza hapo kilipo, na jeraha likapona kwa kovu linaloubana umio hadi paka anatapika kila anachokula. Kinga yake ni mililita tano au sita za maji kwa sirinji isiyo na sindano, mara baada ya kidonge. Sentensi moja ingetosha. Sijawahi kuiona kwenye kibandiko chochote.

Halafu kuna suala la kuficha dawa kwenye chakula, ambalo kila mtu hushauri kama vile wanyama wote ni mbwa. Mbwa humeza kwanza akauliza baadaye. Paka hana hata uwezo wa kuonja utamu, jeni ya kipokezi hicho kwake ilishakufa zamani, kwa hiyo asali na sukari yako ni kazi bure. Uchungu ndio anaujua vizuri. Mpe kidonge cha antibiotiki ya metronidazole kilichovunjika na utaona povu likimtoka mdomoni kama amelishwa sabuni. Kwa mbwa utamu wenyewe unaweza kuwa mtego: baadhi ya dawa za maji za watu hutiwa zilitoli, sukari mbadala inayoshusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na kuweza kuua ini. Gabapentini, dawa ya maumivu, ile ya maji ya binadamu ni mfano unaojulikana sana, na ni dawa ambayo madaktari huwaandikia mbwa mara kwa mara. Daktari amekusudia kapsuli, duka lina ya maji, mteja anaona ni rahisi zaidi kuinywesha.

Kuponda nako kuna mipaka. Kidonge kilichopakwa ili kipite tumboni kikiwa kizima hakipondwi, na kile cha kuachia dawa taratibu ukikiponda umempa mnyama dozi ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa paka mwenye tezi ya shingo iliyochachamaa, ambaye atahitaji dawa pengine maisha yake yote, mara nyingine inawezekana kutengenezewa methimazole ya krimu inayopakwa ndani ya sikio. Nimeona watu wakilia kwa furaha walipoambiwa hivyo, baada ya mwaka mzima wa kupigana na mnyama wanayempenda mara mbili kwa siku. Unatakiwa kuvaa glavu, maana ngozi yako nayo itaifyonza. Wajawazito waiache kabisa kwa mwingine.

Na dawa za kifafa, hasa fenobabitali. Kwa kuwa imo kwenye mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kuipata kunadhibitiwa vikali: idadi inahesabiwa, cheti kina muda. Sawa. Lakini mbwa aliyeizoea akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege baya kuliko lile lililomleta kliniki. Kwa hiyo cheti kinapoisha Ijumaa jioni na daktari harudi hadi Jumatatu, ni udhibiti wenyewe unaomhatarisha mbwa. Dawa moja, sheria ya kuipata inasema ngoja, mwili wa mgonjwa unasema usithubutu kungoja. Sielewi kwa nini dawa za aina hii zisiwe na utaratibu wa lazima wa siku chache za akiba.

Mtu atasema madaktari hawana muda. Najua. Mashauri ni ya robo saa, nje kuna foleni, na mbwa mwingine anabweka. Lakini dakika tatu za kumwonyesha mtu namna ya kutoa dawa ni nafuu kuliko kuandika antibiotiki kali kwa mnyama ambaye ya kwanza hakuila. Ndivyo bakteria sugu wanavyotengenezwa, pamoja na wale wanaolala kitanda kimoja na sisi. Pia kuna swali ambalo daktari angeweza kuuliza kabla hajaandika: je, nyumbani kuna mtu wa kumshika? Mtu anayeishi peke yake na paka mkali anahitaji dawa nyingine, hata kama ya kwanza ndiyo bora kitabuni. Kuna antibiotiki ya sindano moja inayodumu takriban wiki mbili. Madaktari wanasita kuitumia kwa sababu nzuri, wasiitumie ovyo, lakini sindano iliyoingia inaishinda tembe iliyo nyuma ya kochi.

Nilimpigia simu daktari, nikamweleza nilichokiokota. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo, kisha akafuta cheti cha dawa kali na kuniambia nimlete paka pamoja na vidonge vya zamani. Msaidizi wake, binti mdogo kuliko nilivyotarajia, alitandaza taulo mezani, akamviringisha paka akabaki kichwa tu. Akaweka kiganja juu ya kichwa, kidole gumba na cha kati pembeni ya taya, akakiinamisha nyuma mpaka pua ikaangalia dari, na mdomo ukafunguka wenyewe. Kidonge kikaenda nyuma kabisa ya ulimi, katikati. Akafunga mdomo, akapitisha maji kidogo kwa sirinji pembeni ya meno. Nikamuuliza atajuaje kama kameza, maana na mimi nilidhani alikuwa akimeza.

"Usimwachie bado," akasema. "Mtazame pua."

Tukasubiri. Ulimi ukatoka, mfupi na wa waridi, ukalamba pua mara moja.

"Sasa mwachie."